Kijiti Kikirudi Cheupe

Saa mbili kasorobo asubuhi, benchi lililo nje ya wodi ya mifupa limeshajaa. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mmoja, aproni ya plastiki kifuani na glovu mpya mikononi, anafuta meza ndogo ya mbao kwa mara ya tatu. Juu ya meza kuna daftari, chupa ya dawa ya kutakasa mikono na kreti ya vichupa, kila kimoja na kijiti chake kirefu chenye pamba nchani. Nyuma yake limening'inia pazia la kijani linaloficha kona ya ukumbi.

"Haya, wageni wangu," anasema, sauti ikifika mpaka ngazini. "Hapa hapiti mtu bila kuacha sampuli. Hata awe shemeji yangu."

Benchi linacheka. Mgonjwa wa nne kutoka mwisho hacheki. Ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, ana fimbo mkononi na amevaa saa mbili kwenye mkono mmoja. Yeye si shemeji yake. Ni mumewe.

Hospitali nzima humwita Mama Vijiti, kuanzia walinzi wa getini hadi madaktari wa upasuaji. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye kitambulisho, lakini siku hizi halina kazi. "Mtu akiniita kwa jina hilo najua analeta barua," anasema.

Kazi yake ni kupima kila anayekuja kulazwa kabla hajagusa kitanda. Huuliza maswali matatu: umelazwa popote mwaka huu, una kidonda au mpira wa mkojo, umemeza dawa za kuua bakteria miezi mitatu hii? Kisha huchukua sampuli, moja puani, moja kwenye kidonda kama kipo, na moja kutoka njia ya haja kubwa. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye maneno.

Anachokitafuta ni bakteria sugu, yaani wale ambao dawa za kawaida haziwawezi tena. Mtu anaweza kuwabeba tumboni au puani miezi na miezi bila hata kukohoa. Akilazwa kando ya mwenye kidonda kibichi, wanahama, na huko wanakohamia ndiko wanakofanya fujo. Majibu ya maabara huchukua siku mbili. Waliojibu ndiyo kwa maswali yale hungojea kwenye chumba cha pembeni, na anayekutwa nao huwekwa chumba chake, na glovu zake, aproni zake na choo chake.

"Kubeba si kuumwa," Mama Vijiti anamwambia kijana wa kwanza aliyevunjika mkono, ambaye tayari amekunja uso. "Hakuna anayekutuhumu, mwanangu. Nakupima kama ninavyompima daktari akilazwa. Na daktari nimeshampima, tena alikuwa na aibu kuliko wewe."

Leo si siku ya kawaida kwake, ingawa anajitahidi isionekane. Zaidi ya mwaka mumewe amekuwa akitembea na chuma mguuni ambacho kilipaswa kutolewa. Skrubu moja imelegea na inachoma nyama kwa ndani kila anapokanyaga. Madaktari walimwambia aje. Mama Vijiti alimsihi. Watoto wao wawili walimpigia simu kwa zamu. Jibu lake halikubadilika.

"Niliwaambia, wodi ile ikikaa mwaka mzima bila kufungwa, nitarudi kwa miguu yangu mwenyewe," anasema, akiiweka fimbo magotini. "Kabla ya hapo, wasinisumbue. Mimi ni fundi saa. Mambo ya muda huwa sitanii."

Jana ilitimia siku ya mia tatu sitini na tano.

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima awawekee madaktari sharti kama hilo, inabidi kurudi nyuma miaka mitatu, siku alipopanda ngazi kutengeneza saa kubwa ya ukutani katika jengo la soko. Ngazi iliteleza. Mfupa wa ugoko ukakatika vipande viwili. Daktari alimtia chuma na skrubu sita, akamwambia atakaa siku kumi.

Alikaa siku tisini na saba.

Siku ya nne, kitanda cha jirani alilazwa mgonjwa aliyehamishwa kutoka hospitali nyingine, paja lake likitoka usaha. Wiki ya pili, kidonda cha fundi nacho kikaanza kutoa maji yenye harufu. Wiki ya tatu, watu sita wa safu ile walikuwa na homa. Dawa ya kwanza haikufua dafu, ya pili vilevile. Wodi ikafungwa. Kati ya wale sita, wawili hawakurudi nyumbani.

Na aliyekuwa akipiga deki wodi ile, asubuhi na jioni, alikuwa mkewe.

"Miaka kumi na sita nilikuwa mfagiaji hapa," anasema Mama Vijiti. Sauti yake, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa ikitikisa ukumbi, sasa inashuka. "Nilikuwa naanza kitanda cha kwanza naishia cha ishirini, ndoo moja, dekio moja. Nikifika kwa mume wangu nakaza zaidi, nasugua chini ya kitanda chake mara mbili, kwa mapenzi. Halafu naona anazidi kuungua homa."

Hakuna aliyemweleza chochote. Alisikia neno "maambukizi" likipita juu ya kichwa chake kana kwamba yeye hayupo. Mwisho alipiga moyo konde, akapanda ghorofa ya juu, akabisha hodi maabara akiwa na dekio mkononi.

Mtaalamu wa maabara, mtu mrefu mwenye miwani ambaye kila mtu humwita Mzee wa Sahani kwa sababu hukuza bakteria kwenye visahani vya kioo, anaikumbuka siku hiyo vizuri.

"Aliniuliza swali moja tu," anasema. "'Ni mimi niliyempelekea?' Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, inawezekana dekio limechangia, na mikono ya madaktari, na mikono ya wauguzi, na mikono yangu mimi. Kosa lilianza mlangoni, pale mgonjwa wa jirani alipoingia bila mtu kujua kabeba nini."

Mama Vijiti alilia pale pale, mbele ya visahani. Alipomaliza kulia, hakuondoka. Aliuliza: "Sasa nani anakaa mlangoni?"

Hakukuwa na mtu.

Ilichukua karibu miaka miwili kupata mtu. Muuguzi anayesimamia kinga ya maambukizi, ambaye wafanyakazi humtania kwa jina la Sista Sabuni, aliandika maombi manne kabla ya kukubaliwa meza moja na mtu mmoja. Wauguzi hawakutosha hata kwa vitanda, sembuse mlango. Sista Sabuni akapendekeza mfagiaji.

"Walinicheka," anasema Sista Sabuni, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. "Nikawaambia, huyu mama anazijua kona za wodi hii kuliko ninyi. Nipeni wiki sita nimfundishe. Alisoma kama anayekwenda kujenga nyumba yake."

Meza ilifunguliwa miezi kumi na mitano iliyopita. Kwa miezi miwili, mambo yalikwenda vizuri mno. Wagonjwa mia nne na kumi na nane walipimwa, waliokutwa na bakteria sugu wakawa wanne tu. Uongozi ulifurahi. Ilisemwa kwenye kikao kwamba hospitali ni safi kuliko ilivyodhaniwa.

Kisha, Jumanne moja, wagonjwa watano wa safu moja wakaamka na homa. Bakteria wale wale. Wodi ikafungwa tena, siku kumi na tisa.

Jioni ile mumewe alimngojea sebuleni, saa za watu zimetandazwa mezani kwake. Alimwuliza: "Wamefunga?" Akajibu, "Wamefunga." Ndiyo jioni alipotamka sharti lake la mwaka mmoja, na kuanzia hapo kila jioni akawa anauliza neno hilo hilo, kabla hata ya kumpokea mkoba.

Mganga mkuu wa hospitali naye alikuwa na neno lake. Alisema meza imekula vifaa vya miezi miwili na haikuzuia chochote. Ifungwe mwisho wa wiki, na mama arudi kwenye ndoo yake.

"Sikukasirika," anasema Mama Vijiti. "Nilichanganyikiwa. Kama watu wanaingia wasafi, hawa bakteria wanapita wapi? Dirishani?"

Alipanda tena maabara. Vichupa vya wiki ile vilikuwa bado kwenye rafu, maana Mzee wa Sahani huvihifadhi siku saba kabla ya kuvichoma. Aliomba avione. Akavishika kimoja kimoja akiviinua kuelekea dirishani, kama mtu anayekagua mayai. Ishirini na sita vya njia ya haja kubwa. Ishirini na vitatu vilikuwa na pamba nyeupe pe, kama vimetoka kiwandani.

Hapo ndipo miaka kumi na sita ya dekio ilipomlipa.

"Mfagiaji yeyote anajua," anasema, na sasa sauti imerudi juu. "Kitambaa kikienda chini ya kitanda kikarudi cheupe, hakijafika chini ya kitanda. Aliyekituma anadanganywa. Mimi wasichana wa zamu walinifanyia hivyo miaka nenda miaka rudi, nilikuwa nawarudisha. Sasa nimefanyiwa na wagonjwa mia nne na sikuona!"

Hakuona kwa sababu hakutazama, na hakutazama kwa sababu ya heshima. Hilo ndilo kosa lake, na analisema bila kujificha. Aliona haya kuwagusa watu wazima walio sawa na baba zake. Kwa hiyo alikuwa akiwapa kijiti, anawaelekeza kwa maneno ya mzunguko, anawafungia pazia na kugeuza uso. Wao nao, kwa haya ile ile, walikuwa wakikaa nyuma ya pazia muda wa kutosha kumridhisha, wanapitisha kijiti hewani au pajani, wanakitumbukiza kichupani na kutoka wakiwa na nyuso za watu waliotimiza wajibu. Yeye alipokea kichupa akitazama pembeni, akabandika lebo. Maabara ikapima pamba tupu na kuandika: safi.

"Tulikuwa tunatunziana heshima," anasema. "Kumbe tunauana."

Kesho yake asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, alimwomba mwenzake wa zamu ndoo na kitambaa cheupe. Mganga mkuu alipofika alimkuta amesimama mlangoni pake.

Mganga mkuu mwenyewe anakisimulia kisa hicho akicheka, ingawa anakiri siku ile hakucheka. "Aliweka kitambaa juu ya meza yangu, juu ya mafaili kabisa. Akaniambia, 'Mkubwa, nimedeki ofisi yako yote kwa kitambaa hiki. Umeridhika?' Nikakitazama. Nikamwambia, mama, hiki hakijagusa sakafu, mbona cheupe? Akatoa vichupa viwili mfukoni, akaviweka kando yake. Akasema, 'Na hivi?'"

Alimpa wiki nne.

Wiki nne hizo Mama Vijiti aliona cha moto. Wodi ilipofunguliwa tena, alianza na utaratibu mpya. Aliacha maneno ya mzunguko. Alichukua sifongo ya kuoshea vyombo, akaitoboa tundu, na mbele ya benchi zima akaonyesha: kijiti kinaingia kiasi gani, kama pingili moja ya kidole, kinazungushwa vipi, kinatoka na rangi gani. Asiyeweza mwenyewe, atasaidiwa. Na kijiti kikirudi cheupe, hakipokelewi.

Wapo waliogomba. Wapo waliotishia kwenda hospitali nyingine. Bibi mmoja alimwombea dua ndefu ya shari, kisha akaingia nyuma ya pazia na kufanya kazi safi kuliko wote siku ile.

Lakini aliyekaribia kuivunja meza ile ni mwalimu mstaafu. Alikuja na nyonga iliyovunjika, juu ya machela, akitokea hospitali nyingine alikokaa wiki tatu. Kwa maswali matatu ya Mama Vijiti, alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa katikati ya vijana wawili waliofanyiwa upasuaji wa paja juzi yake.

"Nimefundisha miaka thelathini na mmoja," mwalimu alifoka. "Leo nifundishwe jambo hili na mfagiaji?"

Wabeba machela walitazama chini. Daktari wa zamu alimnong'oneza Mama Vijiti ampitishe tu, mzee anaumwa, mambo yasiwe makubwa.

"Nilichungulia wodini," anasema. "Nikawa kama namwona mume wangu kwenye kile kitanda cha katikati. Nikamwinamia mzee. Nikamwambia, shikamoo mwalimu. Leo kuna mtihani wa vitendo, na bahati mbaya msimamizi ni mimi. Tukimaliza, nitakuachia ukague daftari langu, usahihishe na mwandiko."

Mzee aligeuza kichwa akalitazama daftari mezani. Kisha akasema, "Mwandiko wako kweli ni mbaya. Nimeuona." Akanyoosha mkono apewe kijiti.

Pazia lilifungwa. Lilipofunguliwa, kijiti kilikuwa cheupe.

"Mwalimu," Mama Vijiti alimwambia taratibu, akimpa kingine, "rudia swali."

Wanasema mzee alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. Safari ya pili alikubali kusaidiwa na muuguzi wa kiume. Akalazwa chumba cha pembeni kungojea majibu.

Siku mbili baadaye Mzee wa Sahani alishuka ngazi kuleta majibu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aajiriwe. Alikuwa na kisahani kilichofunikwa mkononi, kimejaa madoa ya waridi. Dawa tano zilizojaribiwa juu yake hazikuwa zimeacha alama hata moja.

"Bakteria yule yule wa mume wako," alimwambia. "Ndugu yake wa damu."

Mwalimu alitibiwa akiwa peke yake, kwa dawa iliyochaguliwa mapema, na siku ya kumi na moja akatoka. Wale vijana wawili wa paja walitoka kabla yake, wazima, bila kujua walikuwa hatua ngapi kutoka kwenye balaa. Leo mwalimu ndiye mtetezi mkubwa wa meza. Anapokuja kliniki hukaa kwenye benchi na kuwakaripia wanaosita. "Msimsumbue huyu mama," husema. "Mimi mwenyewe nilirudia mtihani."

Katika wagonjwa mia moja wa kwanza wa utaratibu mpya, waliokutwa na bakteria sugu walikuwa kumi na mmoja. Mganga mkuu aliipata karatasi hiyo kabla wiki nne hazijaisha, na hakuzungumza tena habari ya kufunga meza. Hadi jana, waliopimwa ni elfu tatu mia moja na sita, na waliokutwa nao ni mia tatu thelathini na wanane. Bakteria wameingia mlangoni mara mia tatu thelathini na nane wakijulikana kwa majina. Wodi, ambayo miaka miwili ya nyuma ilifungwa mara tano, haijafungwa hata siku moja.

Nyumbani, fundi saa alikuwa akihesabu. Kalenda ya ukutani, ile inayotolewa bure madukani, ina alama ndogo ya kalamu kila siku. Mwanzoni aliuliza kwa kejeli. "Wamefunga?" "Wazi." Mwezi wa tatu akawa anauliza kwa udadisi. Mwezi wa nane, mkewe alimkuta anamngojea barabarani, fimbo mkononi, mguu umemvimba, ili aulize mapema zaidi.

"Nilijua anataka kurudi," anasema Mama Vijiti. "Anaumia usiku na mchana. Lakini mume wangu ukimwambia saa inakwenda mbele dakika moja, anaikalisha siku tatu mezani aithibitishe. Nikasema haya, nithibitishe."

Sasa saa tatu na nusu. Zamu yake imefika. Fundi anasimama, anaegemea fimbo, anaikaribia meza. Mke na mume wanatazamana kama watu waliokutana leo.

"Umelazwa popote mwaka huu, baba?"

"Hapana."

"Una kidonda?"

"Unakijua kilipo. Kimefunga."

"Jibu nililokuuliza."

"Hapana, sina. Na dawa sijameza." Benchi linaanza kutega masikio.

"Umelazwa zamani?"

"Siku tisini na saba. Wodi hii hii." Anaiona kalamu ya mkewe imesimama juu ya daftari, na uso wake unalegea. "Mama watoto, andika tu. Niko hapa."

Hofu ya Mama Vijiti ni moja, na ameisema tangu asubuhi. Bakteria hawa huweza kubaki tumboni muda mrefu hata mtu akishapona. Je, kama bado anao? "Nikimkuta nao, atakwenda chumba cha peke yake kama mtu mwingine, na daktari atajua dawa ya kuanza nayo," anasema. "Sitamwonea haya. Lakini roho yangu iko juu, siwezi kukuficha."

Sheria ya meza inakataza ndugu kumpima ndugu, ila leo Sista Sabuni amekuja kusimama kando kuwa shahidi, na fundi amekataa katakata kupimwa na mwingine. Anachukua kijiti na kuingia nyuma ya pazia. Dakika zinapita. Anatoka, anakabidhi kichupa kwa heshima zote, anaanza kutafuta pa kukaa.

Mama Vijiti anakiinua kuelekea dirishani.

Hata aliyevunjika mkono ananyoosha shingo.

"Baba watoto," anasema Mama Vijiti, na kila neno analitoa kwa starehe, "miaka ishirini na minane nimelala na wewe kitanda kimoja, leo unaniletea kijiti cheupe?"

Benchi linalipuka. Sista Sabuni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, anageukia ukuta na mabega yake yanatikisika. Fundi anajaribu kujitetea kwamba mwanga wa kule nyuma ni hafifu, lakini hakuna anayemsikia. Anachukua kijiti cha pili. Safari hii anarudi na kichupa amekiinua juu yeye mwenyewe, kwa wote waone, na anapigiwa makofi.

Jumatano, saa nne asubuhi, Mzee wa Sahani anashuka ngazi na majibu kwa mara ya pili katika historia ya ajira yake. Hana kisahani. Ana karatasi. Mama Vijiti anaisoma, anaikunja, anaifunua, anaisoma tena. Kisha anaketi kwenye kiti chake na kuficha uso kwa mikono, na wagonjwa wapya wanangojea bila kulalamika.

Safi. Safi ya kweli, kutoka kwenye kijiti chenye rangi.

Alhamisi chuma kilitoka mguuni. Fundi alipewa kitanda cha tisa, dirishani, hatua nne kutoka kile alichokilalia siku tisini na saba. Usiku wa kwanza, anasema, hakulala vizuri, alikuwa akikigusa kidonda kila saa kuona kama kina joto. Usiku wa pili alikoroma mpaka jirani akamlalamikia.

Jumatatu tunamkuta ukumbini, amevaa shati lililopigwa pasi, fimbo ameibana kwapani kama mwavuli siku isiyo na mvua. Mfukoni ana skrubu sita ndani ya kichupa, alizoomba aondoke nazo. Anazitikisa karibu na sikio.

"Siku nne za kitanda baada ya upasuaji," anasema. "Nne! Daktari alisema nne, zikawa nne. Hii hospitali sasa inakwenda na majira."

Mama Vijiti hana nafasi ya kumsindikiza mbali. Benchi limejaa, na kando ya meza yake wamesimama wanawake watatu na wanaume watatu wenye aproni mpya, kila mmoja na daftari. Wote ni wafagiaji. Mganga mkuu amekubali meza ya pili, kwenye mlango wa wodi ya watoto wachanga, na amemkabidhi Mama Vijiti kazi ya kuwafundisha watakaoikalia. Wodi hiyo mwaka huu imefungwa mara mbili. Somo la kwanza ameshalipanga: kila mmoja aje na kitambaa alichodekia, na asithubutu kuleta cheupe.

"Nikistaafu nataka niache meza kwenye kila mlango wa hospitali hii," anasema. "Mwanamke anayedeki asiulize tena kama ni yeye aliyempelekea mumewe ugonjwa. Awe anajua."

Fundi saa anatembea hadi mlango wa nje, polepole, bila fimbo kugusa sakafu. Mkewe anamtazama hatua kwa hatua, kichupa mkononi amekisahau. Akifika kizingitini anageuka. Wote wanadhani atapunga mkono.

"Hiyo ya watoto," anauliza kwa sauti, akinyoosha kidole kuelekea juu ngazini, "naanza kuhesabu lini?"

"Jumatatu ijayo," Mama Vijiti anajibu. "Nunua kalenda nyingine."